Shamba la waini Naivasha: endeni, lakini mkule kabla mtoke nyumbani

Wacha nianze na ile swali kila mtu ananiuliza, ndio, Kenya tuna zabibu za waini na si mbali, ni hapa tu Naivasha upande wa ziwa, kilomita kama 70 kutoka Nakuru. Ile waini ya Leleshwa mnayoiona kwa supamaketi inatoka pande hizo hizo, na jina lenyewe ni la ule mti wa majani ya kijivujivu uliojaa porini Rift Valley, ukiyafikicha yananuka kafuri. Lakini sikuenda kwao. Mimi nilienda kwa mkulima mwingine mdogo, jina naliweka kando kwa sababu kuna mambo nitasema hapo mbele na sitaki maneno na mtu.

Tulikuwa watatu, mimi, mke wangu na senje wangu, yaani shangazi, aliyekuwa ametutembelea kutoka Kakamega. Gari tuliacha nyumbani makusudi juu ya alkoblo, ile mashine ya polisi ya kupima pombe, tukapanda matatu hadi Naivasha halafu boda. Hao wa boda hawajui hiyo place, ukisema shamba la zabibu wanakupeleka shamba la maua, sisi tulifika mageti mawili ya maua kwanza. Pigeni simu kabla muwaelekeze.

Kiingilio ni 1,500 kila mtu, mnatembezwa na mnaonja glasi tatu. Na hiyo kutembezwa ndio pesa yenu imeenda vizuri. Kijana aliyetuchukua ni mtu wa jembe, si wa kukariri. Alitusimamisha penye mizabibu ilikuwa imekatwa matawi majuzi tu, kila mahali makasi yamepita kunadondoka maji safi, tone, tone, senje akakinga kidole akaonja.

"Haina kitu," akasema.

"Ni maji tu mama, mti unavuta kutoka chini. Ukiukata unalia siku kadhaa halafu unanyamaza wenyewe."

Hapo ndio akatueleza kitu sikuwa najua. Ulaya ni baridi ndio hulaza mizabibu, majani yanaanguka inapumzika, lakini sisi tuko karibu na ikweta na mti haupati usingizi wa hivyo, kwa hivyo makasi ndio msimu. Unakata leo, unahesabu miezi kwenda mbele, unajua utavuna lini. Dodoma kule Tanzania wao huvuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi, halafu tena Agosti hadi Septemba. Naivasha nayo iko juu, karibu mita 1,900, mchana jua linakuchoma na usiku unatafuta sweta, na hiyo baridi ya usiku ndio inahifadhi uchachu kwa zabibu, bila hiyo ingekuwa sukari tupu.

Mwisho wa kila mstari wamepanda waridi. Nikadhani ni urembo, si ni Naivasha. Kumbe ule ugonjwa wa ukungu mweupe mara nyingi huonekana kwa waridi kabla ya zabibu, kwa hivyo wanalichunguza kila asubuhi. Halafu akatupa zabibu tuonje, na hizi si zile za supamaketi jamani, ni ndogo, ngozi ngumu, mbegu tele, lakini tamu hadi meno yanashtuka na vidole vyangu vilibaki na rangi hadi jioni.

Kwa chumba cha matangi senje ndiye alichukua usukani. Amepika busaa, ile pombe ya kienyeji ya unga, maisha yake yote huyo, akaanza kuuliza chachu wanaweka lini, povu likipanda wanafanyaje, joto likizidi je. Kijana akajibu vizuri kwamba nyekundu wanaiacha na maganda yake ndani ichachuke nayo, ndio rangi inatoka huko, nyeupe wanakamua kwanza maganda yanatupwa. Senje akasema sisi tunakaanga unga kwanza ndio tunatia kimea cha wimbi, kijana akatoa foni akaanza kuandika. Walipomaliza senje akauliza kama mirija ya kunywa pamoja kama busaa iko ama kila mtu na kikombe chake.

Sasa waini yenyewe. Nyeupe, Sauvignon Blanc, hiyo ni kali, kwa maana nzuri. Ilikuja baridi sawasawa, na mke wangu ndiye aliijua harufu, akasema ni ile mikono inanuka ukitoka kupalilia nyanya. Ni hiyo kabisa, majani ya nyanya na mbali kidogo matunda ya pasheni. Ya pinki ni sawa, sina la kusema. Nyekundu, Shiraz, hapana, angalau kwa sasa, inakausha ulimi kama umeng'ata ndizi mbichi, na waliileta ikiwa vuguvugu juu chupa ilikuwa imekaa dirishani kwa jua, mimi niliiona. Wanasema bado changa, ikikaa itatulia. Ikitulia watuite.

Chakula ndio aibu. Tuliagiza sinia ya chizi na nyama baridi, 2,800, ikachukua saa moja na dakika ishirini na watu walikuwa meza nne tu. Ilipofika ni vipande sita vya chizi, nyama nyembamba unaona sinia kupitia kwake, biskuti na zeituni, senje alizihesabu zilikuwa saba. Akaangalia weita, akaangalia sinia, akauliza polepole, "Na ugali inakuja saa ngapi?" Kisha bili ikaja na asilimia 10 ya huduma ambayo haikuwa kwa menyu, nikiuliza naambiwa ni mashine imeongeza. Mashine gani hiyo haikusaidia kubeba chakula? Nililipa lakini niliwaambia.

Kwa hivyo kuleni mjini kwanza, muende asubuhi siku ya kazi, mvae kofia, na mkipiga simu muulize kama kuna kukata matawi ama kuvuna wiki hiyo.

Nyeupe tulinunua chupa mbili, 1,900 moja. Yetu iliisha na samaki Jumapili ile ile. Ya pili senje alienda nayo Kakamega ameifunga na leso, na nikimpigia ananiambia bado hajaifungua, hana friji, ameizamisha kwa mtungi wa maji na anaangalia kila asubuhi kama imekuwa baridi ya kutosha.