Kipanga abaki kutwa Ngamiani au aende bweni la vipaji?

Mtoto wa dada'angu kamaliza la saba kafaulu balaa, sasa nyumbani pamegawanyika, mamake anataka bweni la vipaji, Ilboru ya Arusha au Kibaha, babu anasema abaki kutwa hapa hapa Ngamiani, Tanga. Masomo atayaweza popote, mi naangalia marafiki.

Akibaki kutwa ndo atakuwa kipanga wa darasa, na kipanga kwetu hatengwi, anatumika! Jioni unakuta baiskeli nne zimeegeshwa barazani, wenzie wamekuja kuelekezwa hesabu, daftari lake linazunguka mtaa mzima linarudi na mafuta ya bajia. Watu kibao, ila wa kuongea nae yale ya kichwani mwake hamna. Marekani kuna watoto wanajifanya hawajui jibu ili wasichekwe, ingawa mwanasaikolojia Lewis Terman alipoanza kufuatilia watoto zaidi ya 1,500 wenye akili nyingi kule California, kwenye 1921 hivi, aliona wengi wanachangamana na wenzao vizuri tu.

Bweni la vipaji sasa, huko kila mtu alikuwa wa kwanza kwao, mtihani wa kwanza tu unajikuta wa arobaini na kitu, inauma jamani, lakini ndo unapata mtu wa kubishana nae fizikia mpaka taa zinazimwa na hakuoni wa ajabu. Umbali tu, Arusha si Muheza hapo jirani.

Mi nimesema bweni. Babu kanuna, tangu juzi hataki hata kucheza bao na mimi.