Banda la gemu Sinza: mashine safi, bango limelala

Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe. Jina la banda silitaji. Lina Switch nzuri, ile mashine ya gemu ya Nintendo, na ukutani pana bango la aina za Pokémon, wale viumbe wa kupiganisha kwenye gemu, aina ipi inaipiga ipi. Juzijuzi Pokémon aitwaye Gengar kala Earthquake, shambulio la aina ya Ardhi, kaanguka, kijana wa kaunta akazima mechi. Eti gemu imekorofisha, bango linasema Gengar anaelea. Kuelekezwa, hata macho hakutoa kwenye simu: "Braza, bango nimelikuta hapa, na wewe utaliacha hapa."

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Kuelea si aina. Levitate, huko kuelea kunakofuta mashambulio ya Ardhi, ni uwezo wa Pokémon mmoja mmoja, na Gengar alinyang'anywa tangu gemu za Sun na Moon, 2016. Amebaki na aina zake mbili, Mzimu na Sumu. Shambulio la Ardhi kwa Sumu linaumiza mara 2, kwa Mzimu mara 1. Zidisha: mara 2. Lazima aumie!

Bango lenyewe lina aina 17. Aina ya Feri (siyo ile ya Kigamboni) haimo, na iliingia na gemu za X na Y, 2013. Ukilifuata utarusha shambulio la Joka kwa Feri upate sifuri, ubaki unashangaa. Chuma bado kimeandikwa kinapunguza Mzimu na Giza kwa nusu, jambo lililofutwa mwaka huohuo.

Kibaya zaidi, halisemi lolote kuhusu Pokémon wa aina mbili, na huko ndiko watu wanakoliwa. Umeme kwa Maji ni mara 2. Gyarados, Maji na Anga, anakula mara 4. Swampert naye ni Maji na Ardhi, na Umeme kwa Ardhi ni sifuri, kwa hiyo 2 mara 0, hapati kitu. Hata Thunder Wave, ambayo inapoozesha tu bila kupunguza damu, haimshiki.

Haki yao niwape: pedi hazikwami, feni inazunguka, na sifuri za zamani wamezipatia, Kawaida na Ngumi kwa Mzimu, Sumu kwa Chuma. Tena bango si lazima. Ukishawahi kukutana na Pokémon huyo, skrini inakuandikia chini ya shambulio kama litamwumiza sana, kidogo au halitamgusa. Ila angalieni, maandishi hayo yanahesabu aina tu. Kwa Rotom, Pokémon wa Umeme na Mzimu mwenye Levitate, yatakuambia Ardhi inamwumiza sana, unapiga, Levitate inaifuta yote.

Nilitaka kuwapa nyota nne, kwa kweli mashine zao sijaona mfano mitaa ile. Halafu nikaikumbuka ile "utaliacha hapa". Mbili. Wakibandika karatasi mpya nitaongeza moja, lakini buku yangu ya mechi iliyozimwa bado naidai.