Kliniki ya watoto tuliyoenda Kampala kwa sababu ya ADHD (ile shida ya kutotulia na kukosa umakini), na sigara ikajitokeza humo humo

Mtoto wa dadangu naishi naye, ako na miaka 15, shule walishachoka naye, hakai chini, madaftari yanapotea, hesabu anaanza hamalizi. Nikampeleka kliniki nikijua tunaenda kuongea masomo tu. Musawo, yaani daktari, mama mmoja mpole sana, akaniomba nitoke nje kidogo, niliporudi kijana mwenyewe ndo akaniambia, mamdogo mi navuta sigara, nikivuta kichwa kinatulia nasoma ata ukurasa mzima. Ananunua moja moja kwa kibanda nyuma ya steji ya boda, na sheria ya tumbaku ya Uganda ya 2015 imekataza kuuza moja moja, imekataza pia kumuuzia mtu hajafika miaka 21!

Hapo ndo nliipenda hii kliniki, hakuna aliyemgombeza. Musawo akatuelezea nikotini ya kwenye sigara inapandisha dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia umakini, na dawa ya ADHD nayo inafanya kazi kwa dopamini hio hio, kwa hivo watoto wengi kama huyu wanajitibu na sigara bila kujua, wanaanza mapema kuliko wenzao na kuacha kunawawia vigumu. Akasema mwaka 2014 wataalamu walikusanya tafiti 14 zenye watu zaidi ya 2,300, wakaona waliotibiwa kwa dawa za ADHD kama methilfenideti walivuta kidogo kuliko wasiotibiwa, hasa wale waliomeza mfululizo bila kuacha acha. Nikamuuliza kwa hio dawa inazuia sigara? Akasema inapunguza hatari, haifungi mlango, lazima na sisi nyumbani tuongee naye. Huo ukweli wake ndo ulifanya nimwamini.

Sasa mabaya. Foleni ni ndefu mno, tulifika saa mbili tukaonwa saa tisa, mtoto asiyeweza kutulia umkalishe kwa benchi masaa saba kweli jamani? Na kuna mwezi dawa iliisha kwao hawakutupigia ata simu, tukazunguka mafamasi siku nne, na siku hizo nne ndo alirudi kunuka moshi. Hio iliniuma sana, maana wenyewe ndo walisema dawa isikatizwe.

Sa hii ni mwezi wa nane tangu aanze dawa. Kila Jumamosi nafua suruali zake za shule, zamani mifukoni nilikuwa natoa njiti za kiberiti, sikuhizi natoa kalamu na vikaratasi vya fotokopi.

Mkienda fikeni saa kumi na mbili asubuhi, na mbebe ripoti za shule tangu praimari, sisi hatukuwa nazo ikabidi turudi siku ingine.