Nimerudi Mwanza, Sanduku Langu la Barua Limebaki Denmark

Nilimaliza masomo Aarhus nikarudi nyumbani Nyegezi nikiamini kwamba, kwa kuwa niliaga manispaa na kufutwa katika daftari la wakazi, mambo yangu na serikali ya Denmark yalikuwa yamekwisha. Nilisahau Digital Post. Huu ni mfumo wa barua za serikali ambao tangu Novemba 2014 ni wa lazima kwa wakazi wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, isipokuwa waliosamehewa, na anayehama nchi hubaki humo mpaka aombe mwenyewe kuondolewa. Barua ikishaingia huhesabika kisheria kuwa imekufikia, uwe umeifungua au hukuifungua.

Kosa lilikuwa langu. Arifa za barua mpya niliziacha ziende kwenye laini ya Denmark, ambayo niliichomoa kwenye simu siku niliyosajili laini ya hapa. Barua ya ofisi moja, iliyonitaka nitoe maelezo ndani ya siku 14, ikalala humo mwezi mzima. Niliikuta Machi, nilipoingia kutafuta taarifa ya mwaka ya kodi, ambayo hutolewa mwezi huo. Nilisubiri hadi saa tano asubuhi ndipo nipige simu, kwa kuwa majira ya baridi wao wako nyuma yetu kwa saa mbili, nikaomba radhi, wakanipokea vizuri.

Huduma yenyewe naisifu. Barua zile zile za serikali husomeka kupitia borger.dk, programu ya Digital Post, e-Boks au mit.dk, na mtandao wa simu wa huku unatosha kabisa. Barua ya kurasa nne haimalizi bando.

Mlango wake ni MitID, yaani utambulisho wa kidijitali wa Denmark unaotumika kwa programu ya simu, na hapo ndipo anayehama anapaswa kuwa makini. Simu yenye programu hiyo ikiibwa, au ikidumbukia ziwani kama ilivyompata jirani yangu akiwa kwenye mtumbwi, kurudishiwa njia ya kuingia ukiwa mbali ni kazi. Kabla ya kuondoka, iweke programu kwenye kifaa cha pili, au omba kile kifaa kidogo cha kuonyesha namba, kisichohitaji intaneti wala laini. Changu nimekifunga pamoja na funguo za nyumba.

Huduma hii naipa nyota nne kati ya tano; ya tano nimeinyima kwa sababu ya lugha: barua nilizopokea karibu zote zilikuwa za Kidenmark, nami Kidenmark changu ni cha dukani. Bahati nzuri mfumo unaruhusu kumpa mtu haki ya kusoma barua zako bila kumkabidhi MitID, maana kuikabidhi ni marufuku, hivyo dada mmoja Mtanzania aliyebaki Aarhus hunisomea zile ngumu.

Nilifikiria kujitoa. Lakini hapo barua zingeanza kuja kwa karatasi, na sanduku la posta ninalotumia ni la parokia, ambako bahasha hupita mikono mingi kabla ya kunifikia. Kwa hiyo nimebaki, walau hadi hesabu ya kodi ya mwaka wangu wa mwisho kule ifungwe. Arifa sasa zinakuja kwenye laini ya hapa na kwenye barua pepe, na bado kila Jumamosi, kabla ya kwenda Mwaloni kununua samaki, ninaingia kuangalia mwenyewe.