Kipimo cha umri wa mwili cha kutema mate: kwa udadisi sawa, kwa kansa hapana

Jamani mnaouliza kuhusu hivi vipimo vya umri wa mwili, vile vinavyosoma DNA ya mate kukadiria mwili umezeeka kiasi gani, mi niko huku Marekani niliagiza kimoja kikaja kwa posta, jina la kampuni siweki. Vifaa wameviandaa vizuri, kichupa kina mstari, unatema mpaka mate yafike hapo na povu halihesabiwi, ukifunga kifuniko dawa ya kuhifadhi inamwagikia ndani, unatikisa unarudisha. Hapo sina neno.

Shida ripoti. Imesema mwili wangu umeuzidi umri wangu kwa miaka 4, basi, hakuna mahali wameandika kipimo kinaweza kukosea kiasi gani. Ile "saa" ya mtafiti Steve Horvath ya 2013, yaani hesabu inayokadiria umri kwa kusoma sehemu 353 za DNA zenye alama za methili (vijialama vya kikemikali vinavyobandikwa kwenye DNA), yenyewe kukosea miaka 3.6 hivi ni kawaida, sasa hiyo 4 yangu niililie? Na mate yana seli za shavuni zimechanganyika na chembe nyeupe za damu, fizi zikivimba tu mchanganyiko unabadilika.

Halafu wameandika eti seli zangu zimegawanyika kupita kiasi. Umri wa mwili na idadi ya migawanyiko ya seli ni mambo mawili tofauti! Seli ikigawanyika kimeng'enya DNMT1 kinanakili alama za methili kwenye uzi mpya wa DNA, kuna maeneo hakiwahi vizuri, alama zinapungua kidogokidogo mgawanyiko hadi mgawanyiko, na kuna vipimo vinavyohesabu hilo. Ila saa ya Horvath inasoma umri hata kwenye ubongo, ambako neva karibu zote zilishaacha kugawanyika.

Lililonikera kabisa ni tangazo lao la "ijue hatari yako ya kansa". Kwenye uvimbe wa kansa alama za methili zinapungua karibu DNA nzima, watafiti Feinberg na Vogelstein walianza kuuonyesha upungufu huo kwenye baadhi ya jeni tangu 1983, huku alama zikijazana kwenye jeni zinazotukinga na kansa kama MLH1 mpaka jeni hizo zinazimika. Mate yangu hayawezi kuniambia utumbo wangu ukoje. Anayetaka kuchunguza utumbo mpana kuna kipimo cha choo cha Cologuard, FDA (mamlaka ya dawa ya Marekani) waliipitisha 2014, toleo hilo la kwanza lilisoma, pamoja na mengine, methili ya jeni za NDRG4 na BMP3 kwenye choo, na ikitoka chanya lazima ukafanye kolonoskopi, yaani kuchunguzwa utumbo kwa kamera.

Huduma kwa wateja wanajibu haraka na kwa heshima, nimewaandikia waitoe hiyo sentensi ya kansa. Nyota 2 kati ya 5, wakiitoa naongeza moja.