Semina iliyonivika karatasi ya buluu

Nilihudhuria semina ya utangamano kazini nikiwa na nia njema, na ninalisema hili mapema kwa sababu mwezeshaji aliyekodiwa na mwajiri wetu hapa Nairobi aliwatangazia wenzangu wote ukumbini kwamba sikuwa nayo.

Tulianza kwa kujaza fomu ya kupima haiba. Palipoulizwa kama ninafurahia kukutana na watu nisiowajua, nilijibu "mara chache", kwa kuwa ndivyo nilivyo tangu utotoni. Muda si muda nikabandikwa karatasi ya buluu kifuani, na mwezeshaji, akininyooshea kalamu, akasema kwamba wakimya wa rangi hiyo ndio wanaofuga ubaguzi moyoni. Kisha akauliza huku amekenua: "Kwani dada, wewe ni wa kabila gani?" Ukumbi ukaangua kicheko. Katika semina ya kupinga ukabila!

Meneja wetu alipewa ya manjano, ya wachangamfu wanaopokea kila mtu. Ni kweli hupokea kila mtu, kisha huajiri wa kwao na kuendesha vikao kwa lugha ya kwao, sisi wengine tukibaki kutazama dari. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, wala haiulizi nani mkimya na nani mcheshi. Mwezeshaji aliitaja kwa sentensi moja, tukaenda kunywa chai.

Sikatai kwamba haiba ina nafasi yake. Wanasaikolojia wamebaini kwamba watu wepesi wa kupokea mawazo mapya kwa kawaida huwa na chuki kidogo dhidi ya makundi mengine. Lakini wepesi huo si uchangamfu, na mwalimu wa somo hili alipaswa kulijua hilo.

Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba hizo ni pesa zilizotupwa, ila sasa nasita. Mchana, katika vikundi, tarishi wetu, mwenye buluu kama mimi, alisema kwamba tangu aajiriwe hatumwiti kwa jina lake, bali kwa kabila lake. Alisema "hamniiti" akimaanisha na mimi, na alikuwa sahihi. Mwezeshaji hakuyasikia hayo. Alikuwa nje kwenye simu. Aliporudi kutugawia fomu za tathmini, nilimpa alama mbili kati ya tano, kisha nikakumbuka ile kalamu, nikakata alama moja.