Mara yangu ya kwanza supamaketi ya bei chee hapa Mtwara: nilichobeba na nilichoacha

Naishi Chikongola, napika chapati na maandazi ya asubuhi. Bei ya ngano, mafuta na sukari nakutajia hata ukiniamsha usiku wa manane. Kwa hiyo supamaketi hii ilipofunguliwa mjini, mtaa mzima ukawa hauna habari nyingine, mimi nilikaa miezi miwili sijaikanyaga. Nilikuwa najiuliza: duka lina kiyoyozi, lina vigae chini, lina walinzi wawili mlangoni. Vyote hivyo nani anavilipia kama si mimi?

Aliyenitoa nyumbani ni wifi yangu Somoe, wa Newala. Novemba, malipo ya korosho yalipoingia benki, akateremka mjini na orodha yake yote iko kichwani. Hata viatu hajavua: "Wifi, nipeleke kule kwenye bei chee." Nikampeleka. Jina la duka silitaji, kwa sababu huko mbele nina la kulalamika na sitaki kesi na mtu. Wa Mtwara mtalijua. Na bei ninazoandika ni za siku ile, zikibadilika msinitafute.

Kwanza jua kwamba ukifika mlangoni mkoba unaacha kwa mlinzi, unapewa kibao cha namba. Toa simu na pesa kabla hujaukabidhi. Wifi alisahau pochi ndani ya kikapu, tukapanga foleni upya kwenda kuidai. Mfuko wa kubebea hupewi bure. Tangu plastiki zilipopigwa marufuku Juni 2019 tumeshazoea mifuko mbadala, lakini pale kaunta mkubwa ni 1,000, na ukiweka makopo mawili mkono unang'oka. Njoo na kikapu chako au kiroba safi cha ngano. Mimi nilikwenda na kiroba, wifi akaona aibu kutembea na mimi. Wakati wa kutoka alikiomba.

Ndani usitegemee mapambo. Bidhaa zimekaa kwenye katoni zake, katoni imekatwa upande mmoja kwa wembe, unajichotea. Nyingine ziko chini juu ya mbao zilezile zilizoshuka nazo kwenye lori. Dawa ya meno niliona aina tatu, basi. Wafanyakazi wa kuwauliza huwaoni, labda kijana mmoja anayesukuma katoni kwa mguu. Mwanzo niliona uzembe, baadaye nikaelewa kuwa unafuu wenyewe ndiyo huo: aina chache zinazonunuliwa kwa wingi, na watu wachache wa kulipa mishahara. Jirani yetu mmoja aliyewahi kuishi Ujerumani aliniambia kule maduka ya bei chee ya Aldi na Lidl ndivyo yalivyo, tena yao yamezidi. Toroli la kule limefungwa mnyororo, unatumbukiza sarafu ndipo linaachia, ukilirudisha mahali pake sarafu unarudishiwa. Hapo duka limeokoa mshahara wa mtu wa kukusanya matoroli. Hapa kwetu toroli halina mnyororo, lina mlinzi anayelisindikiza kwa macho mpaka kwenye bajaji.

Sasa tuje kwenye mali.

Mafuta ya kula ndiyo yaliyonifanya nitoe simu nianze kupiga hesabu. Kulikuwa na kibao kikubwa chekundu, OFA, dumu la lita 3 limeshuka kutoka 17,000 hadi 15,600. Akina mama wamejaa pale, wifi naye ameshabeba mawili. Nikamwambia subiri. Elfu 15 na 600 ukigawa kwa 3, lita inakuwa 5,200. Hatua mbili pembeni, chini kabisa, bila kibao chochote, kuna dumu la lita 5 kwa 24,500, lita inakuja 4,900. Lisilo na ofa ndilo rahisi! Wifi aliyarudisha yale mawili huku ananitazama kama mimi ndiye niliyeweka kibao. Tangu siku hiyo kibao chekundu kwangu maana yake ni kwamba hapa pana kazi ya kugawanya.

Sabuni ya unga nayo ina mchezo wake. Paketi mbili zimesimama pamoja, urefu mmoja, upana mmoja, moja 3,900 na nyingine 4,200. Mkono wenyewe unakwenda kwenye ya 3,900. Geuza nyuma, soma: gramu 900. Ile ya 4,200 ni kilo kamili. Kwa hiyo ya "rahisi" kilo yake ni zaidi ya 4,300. Tambi ni hivyohivyo: gramu 400 kwa 1,200 na gramu 500 kwa 1,400. Hiyo ya 500 ndiyo ya kubeba, kilo yake 2,800, na ya 400 inakwenda 3,000. Tofauti ni ndogo, lakini sisi tunaouza chapati kwa 300 hiyo ndogo ndiyo faida yenyewe.

Ngano. Pakiti ya kilo 2 ni 3,600. Kwa Mangi wa duka la mtaani kilo ni 2,000, kwa hiyo ukinunua ya nyumbani hapa umepata. Kwangu mimi ninayekaanga kila siku haikunisaidia, maana kiroba cha kilo 25 nakichukua duka la jumla kwa 43,000, kilo inasimama 1,720. Hilo la jumla halina kiyoyozi, na mzee wake hata nikipungukiwa 5,000 anaandika kwenye daftari. Jambo hili wanaosifia bei chee hawalisemi. Kwa Mangi napima mafuta robo, nachukua sukari nusu, siku mbaya nakopa. Supamaketi inataka elfu 24 na 500 mkononi kwa mara moja. Mwenye nazo ndiye anayeuziwa lita kwa 4,900. Asiyenazo ananunua ya kupima kwa bei ya juu kidogo kila siku, na mwisho wa mwezi ametoa zaidi ya mwenye nazo. Ushauri wangu kwa akina dada wa mtaani: changeni watu wawili watatu, dumu moja, mgawane kwa chupa.

Tulipofika kwenye vitafunio wifi alisimama ghafla. Korosho. Paketi ndogo iliyong'aa, gramu 100, 3,500. Akaichukua, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaipima kiganjani kama anapima kifaranga.

"Wifi, kilo yake shilingi ngapi hii?"

"Elfu 35."

"Elfu thelathini na ngapi?"

Nikamkumbusha kwamba yeye anauza ghafi, na kilo nne au tano za ghafi ndizo zinazotoa kilo moja ikishabanguliwa, bado moto, mashine, paketi na huyo aliyechorwa hapo mbele anacheka. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akairudisha taratibu, akainyoosha isimame vizuri na wenzake, akasema, "Anacheka, mwache acheke." Akasukuma toroli.

Dakika tano baadaye namkuta ameshika samaki wa kopo. Nikamwambia, we mwanamke, umetoka Newala mpaka Mtwara, feri iko pale samaki wanarukaruka, wewe unanunua dagaa wa kopo? Akasema kule kwake hakuna friji, kopo linakaa. Akanifunga mdomo. Ila nilimchagulia mimi. Kopo lililovimba usiliguse hata likiwa bure, na lililobonyea pale kwenye maungio ya kifuniko liache. Katika makopo sita aliyokuwa ameweka, moja lilikuwa hivyo. Katoni ikidondoka kwenye lori hakuna anayeirudisha Dar.

Tarehe za mwisho wa matumizi soma hata kwenye vitu unavyoviamini. Maduka haya mara nyingi unafuu wa ghafla unatokana na muda kuisha. Si kosa, na si siri, imeandikwa. Mtindi uliobakiza siku nne ukinunuliwa kwa nusu bei na familia ya watu saba, kuna ubaya gani? Ubaya ni ukibeba kumi uko peke yako. Unachotakiwa kukimbia ni kibandiko cha tarehe kilichobandikwa juu ya tarehe nyingine. Na vya kiwandani vya hapa nchini tazama alama ya TBS, shirika la viwango, hasa vya watoto.

Kuku wa friza sikuchukua. Mfuko wake kwa ndani ulikuwa na mapande ya barafu, na kuku mmoja ameganda na damu pembeni. Hiyo kwangu ni dalili kwamba aliyeyuka akagandishwa tena. Gesi ya Mnazi Bay ya kuzalisha umeme iko jirani yetu hapa, lakini umeme ukiamua kwenda unakwenda, na sijui jenereta lao linawashwa baada ya muda gani. Kuku nanunua anayetembea.

Mchele, maharage, nazi, mboga: usijisumbue. Mchele wa pale umefungwa, huwezi kutafuna punje wala kunusa, na kilo ilikuwa juu ya soko kwa 300. Nyanya zilikuwa zimevalishwa nailoni laini, tatu, kama wagonjwa. Wifi alitikisa kichwa tu.

Vitu vilivyonishangaza kwa unafuu wa kweli ni vya kuogea na usafi: dawa ya meno, sabuni za kuogea za kufunga sita, pampasi pakiti kubwa, karatasi za choo. Pampasi hesabu kwa kipande, usihesabu kwa pakiti. Karatasi ya choo ibonyeze. Nyingine katikati kuna bomba pana, karatasi yenyewe imezungushwa juu juu. Daftari za watoto pia ziko chini kuliko stationari zote nilizopita, na Januari nitarudi kwa hizo.

Sasa malalamiko. Kaunta zipo nne, siku ile zilifunguliwa mbili, na ni msimu wa korosho. Tulisimama nusu saa. Hilo nasamehe. Nilipolipa sikuondoka, nikasimama pembeni nikasoma risiti mstari kwa mstari. Sabuni ya unga ya 4,200 imeandikwa 4,800. Tena zilikuwa mbili, moja yangu na moja ya wifi. Nikarudi kwa yule binti.

"Mama, mfumo ndio unavyosoma."

"Basi mwambie mfumo aje tukatazame rafu pamoja."

Watu nyuma wakacheka, yeye hakucheka. Akaitwa kijana, akaenda, akarudi anasema bei ya rafuni ni ya zamani, hawajabadilisha kibandiko. Nikamwonyesha picha niliyoipiga kwenye simu wakati nagawanya, bei na bidhaa zote zinaonekana. Dakika 20. Mwisho akaja mkubwa wao, akaomba radhi kwa adabu kabisa, nikarudishiwa 1,200. Nilimshukuru, lakini nilipokuwa natoka nikaona watu wanaendelea kuchukua sabuni ileile, na kibandiko cha 4,200 bado kiko palepale. Piga picha kibandiko cha kila kitu kinachozidi 3,000. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na usiikunje mpaka umeisoma, maana ukishavuka mlango hakuna wa kukusikiliza.

Chenji ya 150 nilipewa pipi tatu. Hilo nalo nilitaka kulisemea, wifi akanivuta mkono.

Siku ya kwenda: usiende mwisho wa mwezi, na usiende wiki ambayo vyama vya msingi vya wakulima vimelipa korosho. Jumanne au Jumatano asubuhi duka ni lako, na katoni mpya zinafunguliwa mbele yako. Nenda umeshakula. Nenda na bei za Mangi wako umeziandika, kwa sababu ukiingia mle bila bei ya nje kichwani kila kitu kitaonekana rahisi, kiyoyozi kinakupuliza shingoni na muziki unapiga.

Kwa nyota tano ningewapa tatu na nusu. Ile nusu ni ya yule mkubwa aliyeomba radhi.

Tulitumia 118,000 kwa pamoja, bajaji 3,000 mpaka nyumbani. Wifi alirudi Newala kesho yake na mafuta lita 5, sabuni, pampasi za mjukuu, makopo matano, na mchele kilo 10 wa sokoni alioutafuna punje kabla ya kulipa. Kwangu aliacha chokoleti mbili za nusu bei alizobeba nilipogeuka. Nimezifungua: zimekuwa nyeupe juu kama zimepakwa majivu, ziliyeyuka kwa joto letu zikaganda upya. Hazina sumu, watoto wamezionja wamezigomea. Nimempigia kumwambia, ananiuliza kama risiti bado ninayo.